Sale Lililoota Kimara

Siku niliyohamia Kimara Temboni, kabla hata kitanda hakijashushwa kwenye gari, jirani yangu alinigombeza juu ya ukuta kwa sababu nilikuwa namwagilia kopo langu la mchaichai saa saba mchana.

"Unaupika huo," alisema. "Jua la utosi namna hii, maji ya nini? Subiri jioni."

Hakunisalimia wala hakuniuliza jina. Mimi nina hasira za karibu, nikamjibu kwamba mchaichai ni wangu na maji ni yangu. Akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani. Jioni akaniletea wali kwenye hotipoti, na shikamoo yangu akaipokea kana kwamba tumejuana miaka kumi. Kabla ya kuondoka aliomba shina moja la ule mchaichai.

Hivyo ndivyo nilivyomjua Mama Jeni. Jina lake ni Adelina, mtu wa Ndanda kule kusini, na kwa miaka thelathini na moja alikuwa mpiga chapa wa ofisi moja ya serikali. Mpaka leo vidole vyake havijui kutulia. Akikaa tu, vinaanza kupiga chapa magotini, barua ambazo hakuna wa kuzisaini. Mumewe, Venance, alifariki zamani. Mtoto walijaliwa mmoja tu, Jenipher, naye ametangulia. Mama mmoja wa jumuiya aliwahi kujaribu kumwita Bibi Adelina, kwa huruma tu, ili asimkumbushe. Akajibiwa hapo hapo: "Jeni amekufa, mie sijaacha kuwa mama yake." Hakuna aliyejaribu tena.

Baraza lake ni maua matupu. Yeye huita maua hata yale ambayo hayajawahi kutoa ua tangu yaumbwe. Yako kwenye makopo ya rangi, kwenye madumu ya mafuta ya kula yaliyokatwa vichwa, kwenye sufuria iliyotoboka, na moja liko kwenye poti la plastiki alilokalia Jenipher akiwa na mwaka mmoja. Na kila ua linaitwa kwa jina la mtu aliyelitoa.

"Genoveva kachipua," ataniambia asubuhi nikipita kwenda dukani. Genoveva alikuwa jirani yake, akastaafu na kurudi Bukoba. "Theonest anataka kopo kubwa, mizizi inamtoka chini." Theonest alikuwa bosi wake, tena alishazikwa. Hata mimi nimo, kwenye dumu la lita tano karibu na ngazi, na nasikitika kusema kwamba mwaka jana niliingiwa na vidukari. Mgeni akimsikia anaweza kudhani nyumba ile ina watu tele. Siku moja nilihesabu nikapata watu kumi na tisa barazani na viti viwili. Kile cha pili kilikuwa na vumbi.

Mimi nauza katika duka la dawa karibu na barabara ya Morogoro. Wanangu wako bweni, mume tuliachana, kwa hiyo kila jioni ilikuwa desturi yangu kupita kwake kabla ya kufungua mlango wangu. Nilikuwa namkuta sebuleni televisheni inaongea na yeye haiangalii. Alikuwa anaiwasha ili pasiwe kimya. Wali alikuwa anapika wa watu wawili, kila siku, na asubuhi nusu yake inaenda kwa kuku wa jirani. Nilipomuuliza alisema, "Mkono umezoea." Kisha akaongeza, bila kuniangalia, "Ukipika wa mtu mmoja unakuwa umekubali."

Alikuwa mpweke, na niseme wazi kwamba upweke ule sehemu yake aliujenga kwa mikono yake mwenyewe. Jenipher aliolewa na mwalimu mmoja, Elibariki, Mmachame kama mimi. Walikuwa wanaishi Segerea. Jenipher aliumwa siku nne tu, akafa, akaacha binti wa mwaka mmoja, Monica. Mama Jeni alitaka mwanawe azikwe hapa hapa Dar, makaburi ambayo angeweza kuyafikia kila Jumapili baada ya misa, na kopo lake la maji. Upande wa mume ukakaa kikao. Sie kwetu mtu hazikwi ugenini, anarudishwa kihambani, kwenye shamba la ukoo wake, na mke wa mtu ni wa kihamba cha mumewe. Wakaamua Machame. Hakuna aliyefikiria kumwambia mama mzazi. Alikuja kusikia siku ya kuaga, kwenye kipaza sauti, pamoja na watu wengine wote: "Safari ya Machame itaanza saa nane."

Hakusafiri. Alimfuata Elibariki mbele za watu akamwambia, "Mlango wangu usiukanyage tena." Namba yake akaifungia kwenye simu. Miaka mitatu ikapita hivyo. Kaburi la mwanawe hajawahi kuliona, na mjukuu akabaki naye kwenye picha moja tu, bado hajaota meno.

"Kuzika wangezika," aliniambia mara nyingi. "Jeni alikuwa mkewe, sikatai. Lakini hakuniuliza, Gladi. Mie nimemzaa, hata mtu wa kuniuliza sikupata."

Alikuwa anasubiri kitu kimoja tu: Elibariki aje aseme kwa mdomo wake kwamba amekosa, na amletee mjukuu wake. Kila Jumapili baada ya misa alikuwa anakaa barazani akitazama geti hadi saa kumi, kisha anainuka kumwagilia. Hakuwahi kusema kwamba anatazama geti. Alisema anapunga upepo.

Sasa, Desemba inajulikana, Wachagga tunarudi kwetu, na majirani wana maneno yao ya utani juu ya hilo. Mwaka jana nilikaa Machame mpaka katikati ya Januari. Niliporudi nikaenda kumsalimia, nikakuta dirishani kwake, kwenye chupa ya juisi iliyojaa maji, sale.

Wasiolijua waniwie radhi nieleze kidogo. Sale ni mmea wa majani marefu ya kijani kibichi, shina lake nyoofu lina pingili pingili. Wauza maua wa Dar wanaliuza kama pambo, na watu wanaliweka sebuleni pembeni ya kochi. Kwetu lina kazi nyingine. Linapandwa mipakani na makaburini, na lina heshima yake. Nilipoliona pale dirishani nikadhani Mama Jeni amelinunua barabarani kama wengine. Nikataka kumwambia, "Hili kwetu ni kitu kikubwa." Neno likafika mdomoni nikalimeza. Kila nikisema "kwetu" mbele yake, uso unamkunjika, kwa sababu kwetu ndiko alikolazwa Jenipher. Nikaona adabu ni kunyamaza.

Basi nikawa naliona kila jioni. Sikuwepo lilipotiwa majini, lakini namna yake ya kuotesha naijua. Shina lilikuwa refu kama shibiri, alilikata chini ya pingili kwa kisu kikali, akaliacha kivulini nusu siku kidonda kikauke, ndipo akalitia kwenye chupa. Ndani ya maji alidumbukiza kipande cha mkaa ili yasinuke. Maji alibadilisha kila baada ya siku tatu. Wiki ya nne mizizi ikaanza, myeupe, ncha ncha, na akaniita kunionyesha kwa kidole bila kusema kitu. Kwa ua jingine lolote angepiga vigelegele.

Ilipofika kama kidole cha shahada kwa urefu akalihamishia kwenye kopo dogo. Ana utaratibu wake. Kopo analitoboa chini kwa msumari wa moto, matundu matano. Chini kabisa anaweka vigae. Udongo wake ni sehemu mbili udongo mweusi, sehemu moja mchanga, na sehemu moja makumbi ya nazi, anayoyaloweka siku mbili na kuyachambua kwa vidole. Watu wa pwani na kusini, nazi hawatupi kitu. Na udongo haushindiliwi kwa ngumi, unagongwa kopo tu, ukae wenyewe.

Kosa lilikuwa kwenye maji. Huku Kimara bomba linatoka mara moja kwa wiki ukiwa na bahati, siku nyingine ni maji ya kisima, na kisima kina chumvi. Mwezi Machi ncha za majani zikaanza kuwa kahawia, zinakauka kama zimeunguzwa na pasi. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya lile kopo, anazikata ncha kwa mkasi, moja moja, anafuata umbo la jani.

"Nimelinywesha chumvi," alisema. "Mie na umri huu."

Tangu siku hiyo likawa halinywi kitu isipokuwa maji ya mvua. Masika ilipokuja aliweka ndoo chini ya bati, akajaza madumu sita, akayapanga jikoni, na yeye mwenyewe akaendelea kupikia ya kisima. Jioni alifuta majani kwa kipande cha kanga. Alilifanyia yote hayo na bado hakuliita jina. "Lile limekunywa," alikuwa anasema. "Lile lisogeze kivulini." Sikuuliza. Mtu ana haki ya kuwa na ua moja lisilo na jina.

Ikafika Sabasaba. Siku ya sikukuu duka letu linafungwa mchana, nikaenda kumsaidia kuhamisha maua, maana mikono yake imeanza kuuma viungo. Tulitandika gunia barazani. Tukampa Theonest ndoo iliyopasuka mdomo, tukamgawa Genoveva mara mbili. Mwisho likabaki lile sale. Lilikuwa limeshanipita goti. Tulipoligeuza kopo, mizizi ilikuwa imejizungusha mpaka udongo hauonekani.

"Na huyu ni nani?" nikauliza. "Wote wana majina, huyu sijawahi kusikia unamwita."

"Lile halina jina."

"Kakupa nani?"

Akachukua makumbi, akayachambua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Elibariki," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Alikuja hapa?"

"Aje wapi? Alimtuma baba yake mdogo, mwezi wa kwanza, wewe bado uko kwenu. Mzee mfupi, kavaa koti zito joto lote lile. Miaka mitatu, Gladi. Mtoto sijaletewa, neno sijaambiwa, halafu mtu ananiletea majani! Kama mie mgonjwa wa hospitali. Na hata kulibeba hawajui. Jani moja walikuwa wamelikunja wakalifunga fundo, maskini limebanwa, linataka kukatika. Nikalifungua lipumue."

Mikono yangu ilikuwa ndani ya udongo, ikabaki humo humo.

"Mzee alisema nini?"

"Hakusema la maana. 'Mama, nimetumwa na mwanao, naomba upokee.' Nikapokea."

"Kwa mkono mmoja au miwili?"

"Miwili. Mtu mzima anakupa kitu, utakipokeaje kwa mkono mmoja? Sie tumelelewa. Nikamkaribisha chai, akanywa vikombe viwili, akala na muhogo. Kaondoka anatabasamu utadhani kapewa mke."

Nilitoa mikono kwenye udongo nikaipangusa kwenye gunia. Sikujua nianzie wapi. Nikaanza tu, kama nilivyofundishwa na bibi yangu.

"Mama Jeni, kwetu kuna makosa ambayo mdomo hauwezi kuyaombea radhi. Mtu akikukosea kosa la namna hiyo, haji na maneno. Analeta sale. Jani linafungwa fundo, linabebwa na mtu mzima, unakabidhiwa. Hata kama amekuvunjia nyumba, ukiletewa sale hulikatai. Ukilipokea, umesamehe. Ukimpa aliyelileta chai, basi mambo yamekwisha."

Vidole vyake vikaacha kuchambua.

"Na aliyeomba hamsukumi aliyeombwa," nikaendelea. "Anakaa kwake anasubiri aitwe. Siku anaipanga yule aliyekosewa."

"Kwa hiyo wao wanajua nimesamehe."

"Wanajua umepokea kwa mikono miwili na umewanywesha chai."

"Na wananisubiri mie."

"Tangu Januari, mama."

Akaanza kuhesabu miezi magotini kwa vidole vyake vya mpiga chapa, akafika Julai, akarudia tangu mwanzo kana kwamba safari hii ingekuwa pungufu. Kisha hasira zikamjia, na mimi nilizikaribisha, maana kule kuhesabu kwake kulikuwa kunanitisha.

"Na mdomo wake una kazi gani?" alifoka. "Mie mtu wa Ndanda! Mie naongea na majani tangu lini?"

Nikageuka kuliangalia baraza, Genoveva na Theonest na wengine wote kwenye makopo yao. Naye akageuka akaangalia. Hakuna aliyecheka.

Ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, amekaa juu ya gunia, mikono ina udongo hata asiweze kujifuta machozi, na mimi nikamfuta kwa upindo wa kanga yake. Alikuwa anasema kitu kimoja tu, "Nililifungua fundo. Gladi, nililifungua fundo." Nikamwambia hakuharibu kitu, hakujua. Nikamwambia pia la kwangu, kwamba nimelipita lile sale kila jioni miezi sita nikanyamaza, kwa kuogopa kumtajia kwetu. Nilitamani anigombeze kama siku ile ya mchaichai. Hakunigombeza. Alisema, "Wote tumekuwa na adabu sana," akainuka kwenda kunawa.

Alinawa mpaka maji ya ndoo yakaisha. Akaniletea simu. "Mfungulie," alisema, maana kufunga namba alijua ila kufungua hakujua. Nikaifungua namba ya Elibariki, nikampa. Simu iliita mara moja tu.

"Shikamoo mama." Ilikuwa kwenye spika, nikasikia.

"Marahaba. Elibariki, mie lile jani lako sikulijua. Nimelijua leo."

Upande wa pili kitu kikawekwa chini. Kisha sauti ikasema, "Nilidhani umebadilisha moyo, mama."

"Sikubadilisha. Uko wapi?"

"Segerea. Tunafunga vitu. Uhamisho umetoka, nimepangiwa huko nyumbani. Jumatano tunaondoka."

Mama Jeni alifumba macho. "Jumapili njooni mle," alisema. "Mlete Monica." Akakata simu, akakaa kwenye kiti chake cha siku zote. "Nampata Jumapili, nampoteza Jumatano," aliniambia. Tukamaliza kulihamisha lile sale kwenye ndoo kubwa, na giza lilipoingia akanifukuza nikalale.

Jumapili walikuja saa saba. Monica ana miaka minne sasa. Alisema "Shikamoo bibi" vizuri kabisa, kama anavyofundishwa kumsalimia kila mwanamke mwenye mvi, kisha akajificha nyuma ya mguu wa baba yake. Niliona Mama Jeni akinyoosha mikono, akairudisha, akaanza kunyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo.

Elibariki amekonda. Hakukaa mpaka aliposema alichokuja nacho.

"Mama, sikukuuliza. Wazee walikuwa wameshaamua, nikajua nikikuuliza utakataa, na mie nitakuwa katikati. Nikaogopa. Nilikosa."

"Ningekataa," Mama Jeni alisema. "Lakini ungeniuliza."

"Ndiyo, mama."

"Haya, kaa ule."

Tulikula. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, ile sufuria yake ya wali haikutosha, ikabidi mimi nimalizie na muhogo. Baadaye mtoto akazoea kidogo, akatoka barazani, na bibi yake akamfuata akimtambulisha kwa kila kopo. Huyu Genoveva. Huyu Theonest, usimvute sikio. Huyu Gladness, yule pale aliyekaa. Monica akafika mbele ya ndoo kubwa, akainua kichwa kulitazama sale.

"Na huyu?"

Mama Jeni alimwangalia Elibariki aliyekuwa amesimama mlangoni. "Huyu ni baba yako," alisema.

Mtoto alicheka sana. Elibariki aliingia ndani, akakaa huko dakika kumi.

Aliporudi, Mama Jeni alikuwa ameisogeza ile ndoo mpaka ngazini. "Hili lilikatwa wapi?" alimuuliza.

"Kwa Jenipher, mama. Pembeni ya kaburi. Nilipanda manne, hilo nililikata kwenye lile la kichwani."

"Basi lipeleke. Limeota vizuri, lina mizizi. Mwambie nimemtunzia."

Elibariki akarudi nyuma, mikono akaificha mgongoni kama mtoto. "Siwezi kulipokea, mama. Sale likirudishwa kwa aliyelileta, ni kwamba umelikataa."

Monica alikuwa anahesabu makopo na kukosea. Mama Jeni aliishika ndoo kwa mikono yote miwili, naye akaniangalia mimi. Nadhani niliangaliwa kwa kuwa mimi ndiye Mmachame aliyebaki.

"Na nikilipeleka mwenyewe?" aliuliza.

Nikafikiri. Bibi yangu hakuwahi kunifundisha hilo, lakini sikumwambia. "Hapo utakuwa umelisindikiza," nilisema. "Hujalirudisha."

"Haya," alisema Mama Jeni. "Kaburi la mwanangu sijawahi kuliona."

Jumatano alfajiri aliondoka nao. Ndoo aliifunga kanga mdomoni udongo usimwagike, akaishika katikati ya miguu, na majani yakawa yanamgusa shavuni. Mimi niliachiwa ufunguo na maelekezo marefu kuliko ya dawa yoyote niliyowahi kuuza. Nani anakunywa kila siku, nani mara moja kwa wiki, nani hapendi kuguswa. Maji ya mvua yaliyobaki ni madumu mawili, nisiyaguse kwa ajili ya mchaichai.

Sikutegemea kwamba nitaumia. Lakini jioni ile nilipita kwake kwa mazoea, nikafungua, nikasimama sebuleni kwenye kimya kile, na nikaelewa kwa nini alikuwa anawasha televisheni. Nikaiwasha. Nilipika kwangu nikakuta nimepika wa watu wawili, nikawapa wale kuku. Alhamisi ikawa hivyo hivyo. Hakupiga simu, na mimi niliona haya kumpigia mtu aliye kwenye kaburi la mwanawe.

Ijumaa saa kumi na moja jioni simu ikaita. Nilisikia upepo, na jogoo kwa mbali.

"Gladi, huku kuna baridi, watu mnaishije? Yule mzee kanivalisha koti lake."

"Umefika kwa Jeni?"

"Nimefika."

Nikangoja.

"Walikusanyika wote," alisema. "Wazee wale wale wa kikao. Jembe liko tayari, ndoo iko pale. Nikajua watachimba tu, maana ni kwao. Yule mzee akashika jembe akanigeukia, akasema, 'Mama Jenipher, tulipande wapi?' Na wote wakanyamaza, Gladi. Wanaume kumi na ngapi sijui, wamesimama na kofia mkononi, wananisubiri mie niseme."

Nilitaka kuuliza alisema wapi. Hakuningoja.

"Wameniuliza," alisema.

Nilikuwa nimekaa barazani kwake, kwenye kile kiti cha pili, na kopo la maji la Theonest mapajani. Nilimsikia akipenga kamasi huko aliko. Kisha akaniuliza namwagilia saa ngapi.